MSANIFU HAFUNDWI NA KARATASI PEKE YAKE

Wahenga wetu wa pwani walisema: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Msemo huo aghalabu hutajwa kwa jahazi, lakini wafaa pia kwa nyumba, na wafaa zaidi kwa yule anayeibuni nyumba. Msanifu wa majengo naye huundwa. Hazaliwi na kalamu mkononi, wala hawi msanifu siku ile anapovishwa joho na kupigwa picha na wazazi wake. Basi swali ninalotaka kuliweka mbele ya wasomaji ni hili: vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wanaosomea kazi hii, ni nani anayewaunda, na wanaundwa kwa faida ya nani?

Wengi wetu hatujui mwanafunzi wa usanifu hufanya nini miaka yote ile anayokaa chuoni. Hafundishwi kwa kusomewa vitabu tu. Kila muhula hupewa jambo la kubuni. Kwanza huwa kitu kidogo, kama kibanda cha kupumzikia au kituo cha basi. Kisha hupewa nyumba ya familia, halafu shule, soko au zahanati, na mwisho huchagua mwenyewe mradi mkubwa wa kumalizia masomo. Hukesha akichora, hukata kadibodi na kugundisha mfano wa jengo lake, kisha hubandika michoro ukutani na kusimama mbele ya walimu. Nao humwuliza bila huruma: mlango huu kwa nini uko hapa? Jua la alasiri litaingia wapi? Mzee asiyeweza kupanda ngazi atapita njia gani? Wako wanaotoka pale machozi yakiwalenga, wakaenda kuanza upya.

Sina ugomvi na mafunzo hayo. Kijana aliyezoea kuulizwa sababu ya kila mstari hujifunza kufikiri. Lakini mradi wa karatasi una upungufu mmoja mkubwa, nao ni kwamba hauna mwenyewe. Hakuna mama wa kulalamika kuwa moshi wa jiko unaingia chumbani. Hakuna fundi wa kusema kuwa bati halitoshi. Mvua ya masika hainyeshi juu ya mchoro, wala kaskazi haivumi ndani yake. Mwanafunzi aweza kupata alama nzuri kwa nyumba ambayo mtu angeihama kabla mwaka haujaisha.

Uanagenzi wa Sinan

Katika ulimwengu wa Kiislamu hakuna mjenzi anayetajwa kwa heshima kumshinda Sinan, msanifu mkuu wa masultani wa Uturuki, aliyefariki mwaka 1588. Huyu hakuanza kwa kuchora misikiti. Alianza kwa useremala, akaingia jeshini, na huko akafanya kazi za madaraja na vyombo vya majini. Alipopewa cheo cha msanifu mkuu, mwishoni mwa miaka ya 1530, umri wake ulikuwa umekaribia miaka 50.

Imepokewa kwamba Sinan mwenyewe aliigawa kazi yake katika daraja tatu. Msikiti wa Şehzade mjini Istanbul, uliomalizika mwaka 1548, aliuita kazi ya uanagenzi. Ule wa Süleymaniye, uliomalizika mwaka 1557, aliuita kazi ya fundi aliyekomaa. Na wa Selimiye katika mji wa Edirne, uliokamilika katika miaka ya 1570 akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, ndio aliouhesabu kuwa kazi ya ubingwa. Tazama unyenyekevu huo! Msikiti ambao watu husafiri kwenda kuustaajabia, mwenyewe aliujenga akijiona bado mwanagenzi. Na katika daraja zote tatu hakuna hata moja ya karatasi tupu; zote ni za mawe, chokaa na watu.

Kijana wa Gando

Yuko atakayesema kuwa hayo ni mambo ya kale, na kwamba Sinan alikuwa na hazina ya sultani nyuma yake. Haya, na tumtazame mtu wa zama zetu, tena Mwafrika, ambaye hakuwa na sultani wala hazina.

Diébédo Francis Kéré alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, nchini Burkina Faso. Kijiji hakikuwa na shule. Alipofika umri wa miaka 7 ilimbidi awaache wazazi wake aende kusoma mjini, katika darasa la giza na joto lililosongamana watoto zaidi ya 100. Alipokua alijifunza useremala, na mwaka 1985 akapata nafasi ya kwenda Berlin, Ujerumani, kuuendeleza ufundi huo. Mchana alifanya kazi, usiku alisoma masomo ya sekondari. Ilipofika mwaka 1995, umri wake ukiwa miaka 30, ndipo alipopata ufadhili wa kuingia chuo kikuu cha ufundi cha Berlin kusomea usanifu wa majengo.

Sasa sikiliza alichofanya mwanafunzi huyu. Wenzake walipokuwa wakibuni majumba ya kutundikwa ukutani, yeye alikumbuka lile darasa la joto. Pamoja na marafiki aliunda chama mwaka 1998 ili kukusanya fedha, akaenda kujenga shule kijijini kwao. Watu wa Gando hawakufurahi waliposikia itakuwa ya udongo, kwani wao wenyewe ndio wajuao nyumba ya udongo inavyofanywa na mvua. Ikambidi mwanafunzi huyu ajieleze tena, safari hii si mbele ya walimu bali mbele ya wazazi na wazee wake. Udongo ukachanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kuwa matofali magumu. Dari ikawa ya matofali yaliyoachwa nafasi, na bati likainuliwa juu, mbali na dari, juu ya fremu za nondo. Joto hupanda, likapita katika zile nafasi, na upepo ukalichukua likaenda zake. Wanakijiji wenyewe ndio waliobeba, wakashindilia na kujenga.

Shule ile ilikamilika mwaka 2001. Kéré alihitimu chuo mwaka 2004, yaani jengo lilitangulia shahada kwa miaka mitatu! Mwaka huo huo wa 2004 likapata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu, tuzo iliyoanzishwa mwaka 1977 kwa ajili ya majengo yenye kuwafaa watu wa jamii za Kiislamu. Shule iliyoanza na wanafunzi 120 ilikua ikafikia 700. Na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kupita zote katika kazi hii. Hapa kwetu Kenya pia ameacha alama: kando ya Ziwa Turkana kipo chuo cha kuwafunza vijana kazi za kompyuta, kilichokamilika mwaka 2021, chenye minara ya kutolea hewa ya joto, aliyoibuni kwa kuviangalia vichuguu vya mchwa.

Yafaa nitaje na upande wa pili, tusidhani kuwa udongo na nia njema vyatosha. Hassan Fathy wa Misri, mmoja wa wasanifu wakubwa wa karne iliyopita, aliwaendea mafundi wa Nubia akajifunza kwao kuezeka kuba kwa matofali ya udongo bila mbao. Katika miaka ya 1940 alijenga kwa ufundi huo kijiji kizuri cha Gourna Mpya, karibu na Luxor. Lakini wengi wa wale waliojengewa walikataa kuhamia. Mamlaka yalikuwa yamekusudia kuwahamisha kutoka mahali walipopata riziki yao, na uzuri wa kuba haukuwatosha. Fathy aliwasikiliza mafundi. Waliotaka kuwahamisha wenyeji hawakuwasikiliza wenyeji. Msanifu anayekomaa hana budi kuwasikiliza wote wawili.

Chuo kilichoko mlangoni petu

Turudi pwani. Sisi tunacho chuo cha usanifu ambacho watu hutoka ng'ambo kuja kukisoma, nacho ni nyumba za mawe za wazee wetu. Ingia nyumba ya kale ya Lamu. Wapokewa na daka lenye baraza pande mbili, ambapo mgeni huketi akazungumza bila kuona ndani. Ukiingia, njia yakata kona katika tekani, basi hata mlango ukiwa wazi jicho la mpita njia halifiki kwa watu wa nyumba. Kisha ni kiwanda, kilicho wazi juu, kiletacho mwanga na hewa. Halafu misana, na ndani kabisa ukuta wa zidaka. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkandaa haifiki mbali. Upana wake ni kiasi cha mita tatu au pungufu. Kuta ni nene, za matumbawe na chokaa. Na familia ikipanuka, wikio hujengwa juu ya njia kuunganisha nyumba na nyumba, na mke akamtembelea nduguye bila kukanyaga barabara.

Kila kitu hapo kina sababu. Stara, upepo, urefu wa mti, ujirani: yote yalihesabiwa. Usam Ghaidan, msanifu mwenye asili ya Iraki aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, aliuchunguza mji huo na kuuandikia kitabu kilichotoka mwaka 1975. Mwaka 2001 UNESCO ikauandika mji wa kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia. Je, watoto wetu wangapi wanaosomea usanifu wamewahi kushika utepe wakapima kiwanda cha nyumba ya bibi yao?

Matokeo ya kutopima tunayaona. Ghorofa zainuka zenye vioo vikubwa vinavyotazama magharibi, na jua la alasiri likawafukuza wenyeji sebuleni. Mlango ukifunguliwa, jirani wa mbele anaiona meza ya chakula. Asiyeweza kulipia mashine ya baridi hulala akijipepea. Na vyuo vyetu je? Madrasa ngapi ni chumba cha matofali ya saruji chini ya bati lisilo na dari, ambamo mtoto hushika msahafu huku jasho likimdondoka? Darasa lile la joto alilolikumbuka Kéré si la Burkina Faso peke yake.

Sisemi tuwarudishe watu katika nyumba za matumbawe. Miamba ya bahari yahitaji kuhifadhiwa, mikandaa nayo hivyo hivyo, viwanja vimekuwa vidogo na watu wameongezeka. Mwenye kunakili daka na zidaka kwa urembo tu, hotelini, naye hajajifunza kitu. La kurithi ni ile sababu: namna ya kuulizia upepo, namna ya kumsitiri mwenye nyumba, namna ya kutumia kilichopo.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu. La kwanza ni kwa walimu wa vyuo: katika miradi yote anayopewa mwanafunzi, mmoja uwe na mwenyewe aliye hai, mwenye fedha chache na malalamiko mengi. La pili ni kwa kamati zetu za misikiti, madrasa na wakfu. Mnapotaka kujenga darasa, msimwite fundi na kumwambia ajenge kama lile la jirani. Waiteni vijana wanaosoma, wapeni wiki chache wakae na walimu na watoto, walete michoro, nanyi muwaulize maswali makali. La tatu ni kwa ajili ya mafundi wetu wazee wa chokaa, nakshi na boriti, ambao hupungua mwaka hadi mwaka. Hao walipwe kama walimu, kwani kila anapozikwa mmoja wao elimu yake huzikwa pamoja naye ikiwa hakuna aliyeipokea.

Najua nitapingwa. Nitaambiwa kuwa kumkabidhi mwanafunzi jengo ni kucheza na roho za watu, na nitakumbushwa ghorofa ya Huruma, Nairobi, iliyoporomoka mwezi wa Aprili 2016 na kuua makumi ya watu. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini sikusema mwanafunzi atie saini ramani. Sheria yataka msanifu aliyeandikishwa, na mhandisi wa kuhesabu uzito, na hao wabaki pale pale. Mwanafunzi awe chini yao kama mwanagenzi alivyo chini ya fundi wake, ila asiwe mchora mistari tu. Aone zege likimwagwa, aone ukuta ukipinda na kuvunjwa, aisikie lugha ya mafundi. Anayeyaona hayo mapema ndiye atakayeogopa kuiba saruji katika nguzo atakapokuwa mkubwa.

Wazazi nao wana sehemu yao. Kijana akirudi likizo, swali letu la kwanza huwa ni lini atajenga ghorofa refu, lini atanunua gari. Tumwulize jingine: chumba cha bibi yako kina joto, wewe msomi utakifanyaje? Akiweza kulijibu hilo kwa fedha zilizopo, na bibi mwenyewe akakubali, basi tujue anaelekea kuwa msanifu, hata kama shahada bado haijatoka.