Kioo kidogo cha nyuma

Juma hili tunaongea juu ya motoka.

Jiwe lilivunja kioo cha nyuma cha jipu yetu ya zamani, kile kidogo cha ubavuni kisichoshuka. Tulibandika nailoni, tukasema tutatengeneza mwisho wa mwezi. Njiani kwenda Kambove mavumbi yaliingia, watoto wakakohoa mpaka tulipofika. Kisha mtoto wetu wa mwisho akajikata kidole: vipande vilibaki kwenye mkunjo wa kiti.

Sasa tumejifunza. Kioo cha ubavuni kikivunjika huwa punje ndogo nyingi. Vaeni glavu, inueni kiti, fagieni hata chini ya tapi. Mkienda kutafuta kioo cha okazio, jueni mwaka wa motoka na upande, kuume ao kushoto. Vingine vinashikwa na mpira, vingine na gundi: mwulizeni fundi mbele ya kulipa. Apanguse kutu kwanza. Kama ni gundi, ngojeni ikauke, ndipo mmwagie maji muone kama yanaingia.

Nyumbani kwenu kuna motoka yenye nailoni? Toeni vipande leo, kabla watoto hawajapanda. Pesa ya kioo itafuata.