Nani Anadai, Nani Anasema?

Katika Kiswahili cha nyumbani na cha sokoni, kudai ni kutaka kilicho chako. Aliyekopesha ni mdai, aliyekopa ni mdaiwa, na dawa ya deni ni kulipa. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na ndugu yake wa karibu ni daawa, yaani kesi. Mbele ya kadhi, kudai ni nafasi tu, wala si sifa ya mtu: mwenye kudai hutakiwa ushahidi, mwenye kukana hutakiwa kiapo. Liwali akimshtaki mchukuzi, liwali ndiye mdai. Mchukuzi akimshtaki liwali, mchukuzi ndiye mdai. Kitenzi hakimjui mkubwa wala mdogo.

Magazeti yetu yakakifundisha kuwajua.

Asomaye kwa mfululizo habari za miongo ya kwanza ya uhuru ataona mgawanyo wa vitenzi ulio thabiti kama itifaki ya ikulu. Waziri alisema, alieleza, alifafanua, alisisitiza, alibainisha. Wanakijiji walidai. Mkuu wa wilaya akitaja idadi ya magunia ya mahindi, amebainisha. Mkulima akisema hajalipwa magunia yake, amedai. Kubainisha ni kuufunua ukweli uliokwishakuwapo, kwa hiyo mwandishi ameshamwamini mkuu kabla msomaji hajapewa nafasi ya kupima. Mkulima, ambaye kwa hakika anadai kwa maana ya asili, yaani anawia fedha, anavikwa kitenzi chake mwenyewe kama vazi la mshukiwa.

Huo ni upande mmoja, na si mbaya kuliko wote. Tazama kitenzi kinapotendwa: inadaiwa. Hapa mdai ametoweka. Tumezoea kusoma kwamba watu watatu wanaodaiwa kuwa majambazi wameuawa. Wanaodaiwa na nani? Mara nyingi jibu ni polisi, na mara nyingi polisi hao hao ndio waliofyatua risasi. Lakini sarufi imewaficha. Marehemu hawezi kukana wala kula kiapo, na sisi wasomaji tumebaki na neno majambazi. Kwa hiyo kitenzi kimoja kinafanya kazi mbili zinazopingana: mnyonge anaposema, mtenda hutajwa ili atiliwe shaka, mwenye nguvu anaposhutumu, mtenda hufutwa ili asiulizwe.

Kejeli iliyopo ni kwamba kitenzi hicho hicho ndicho kilichobeba heshima ya taifa. Tulifundishwa shuleni kwamba TANU, tangu mwaka 1954, ilidai uhuru. Hakuna aliyeelewa kwamba TANU ilitoa tuhuma isiyo na hakika. Tulielewa kwamba ilitaka haki iliyozuiliwa. Baada ya Desemba 1961, raia aliyedai alijikuta ndani ya kitenzi kilichopungua thamani, na waliokipunguza walikuwa warithi wa wadai wa jana.

Wapo watakaonijibu kwamba hata katika Kiarabu kitenzi hiki kina uso wa pili, uso wa mtu anayejitia asichokuwa nacho. Ni kweli. Lakini uso huo ungekuwa wa haki kama ungegeuziwa kila mtu. Wapo pia watakaosema kwamba mwandishi hujikinga na kesi ya kashfa, na kwamba mshtakiwa hana hatia mpaka mahakama iamue. Hoja hii naiheshimu shauri likiwa mahakamani. Ila kinga hii imevaliwa upande mmoja. Chini ya Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, waziri nchini Tanzania aliweza kulifungia gazeti, mkulima hakuweza. Tahadhari inayomkinga mwandishi dhidi ya mwenye rungu peke yake, jina lake ni woga. Simlaumu aliyeogopa akiwa na watoto wa kulisha. Namlaumu anayeuita woga ule mtindo wa uandishi, akaurithisha.

Wala woga huo haukuanzia hapo. Sehemu kubwa ya lugha yetu ya habari ililelewa katika ofisi za serikali: Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilitolewa na Idara ya Elimu ya utawala wa Kiingereza wa Tanganyika. Mtoto aliyelelewa ofisini huongea kama karani hata akiwa shambani.

Jambo hili linatuhusu sisi tulio Muscat, London au Toronto kuliko tunavyokubali. Magazeti yale sasa ni nyaraka. Tunayanukuu katika tasnifu, tunayatafsiri, tunayajengea historia. Kila tunaponakili kwamba wanakijiji walidai huku waziri akieleza, tunatia muhuri wetu wa kitaaluma juu ya hukumu iliyotolewa na mhariri bila kusikiliza pande mbili.

Basi nasi tudai, kwa maana ya asili. Anayenukuu “inadaiwa” amtafute mdai na amtaje. Asipompata, aandike wazi kwamba gazeti halikumtaja. Anayetafsiri awape waziri na mkulima kitenzi kimoja: walisema. Kisha ushahidi utakiwe kwa wote wawili, kama kadhi alivyokuwa akifanya. Mkulima yule bado anawia magunia yake.