Ufuo wa Mgeni na Ufuo wa Mwenyeji

Tangu Idd, kina mama kadhaa wameniuliza iwapo yafaa kumpeleka binti kuoga baharini. Yafaa, maadamu kuna sitara. Taabu ni kuupata ufuo wenye sitara hiyo.

Tuwatazame wenzetu wa visiwa vya Maldives, Waislamu na wavuvi kama sisi. Utalii ulipowafikia mwaka 1972, hoteli zilijengwa katika visiwa visivyo na wakaaji, kila hoteli na kisiwa chake, na pombe ikabaki huko huko. Baadaye nyumba za wageni ziliporuhusiwa katika visiwa vya wenyeji, kama Maafushi, palitengwa kipande cha ufuo ambapo mgeni huoga na mavazi ayapendayo. Akitoka hapo, ameingia mjini kwa watu: hujistiri. Na mama wa kisiwani huingia majini na nguo zake, wala hatazamwi kama kioja.

Sisemi kwamba kila jambo lao limenyooka kisharia. Fedha ya pombe ni fedha ya pombe, hata itoke kisiwa cha mbali. Wala stara hiyo hawakuwa nayo tangu zamani. Ibn Battuta, aliyelala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331, baadaye alikuwa kadhi huko Maldives, akawaamrisha wanawake wajifunike vifua. Hawakumtii ila wale waliofika mbele yake kwa mashtaka. Makadhi wetu na wapate faraja.

Hata hivyo, kwao aliyetengewa pembe ni mgeni. Kwetu, kuanzia Nyali hadi Shanzu, mgeni ndiye mwenye ufuo mrefu, na mwenyeji husongamana Pirates pamoja na ngamia, maboya ya kukodi na muziki wa kupasua masikio. Mama mwenye buibui hukaa juu ya mkeka akilinda viatu vya wanawe, maji ayatazame kwa mbali.

Na mchanga ule si wa hoteli. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, imeifanya ardhi iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Kilichopotea ni njia za kuteremkia, kwa kuwa nyingine zimezibwa kwa kuta. Kaunti inapowaita wananchi kutoa maoni juu ya ardhi, aghalabu huenda wanaume, na mahali pa kina mama kuoga hawapataji. Nendeni wenyewe, mama zangu. Ombeni njia zifunguliwe, na kipande cha ufuo kiwe chenu na watoto wenu, japo asubuhi moja kwa juma.