Fedha za Jeneza Zingemfikisha Mtoto Mulago

Kansa haiponi, mwachieni Mungu mtoto wake, msimalize ng'ombe bure. Maneno hayo yalitamkwa matangani hapa Nabuyoga, wilayani Tororo, na mhubiri aliyeshika Biblia, na waombolezaji wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Mtoto tuliyekuwa tunamzika alivimba taya kwa miezi. Alizungushwa kwa mganga wa meno, kwenye maombi ya usiku, kwa shangazi anayejua mizizi; hospitali aliisikia tu ikitajwa. Leo tunaambiwa kansa imeshinda. Imeshindaje, na hakuna aliyepigana nayo hata siku moja?

Ikiwa kuna watu duniani wasio na haki ya kusema kansa ya mtoto haiponi, ni sisi wa Uganda. Mwaka 1957, pale hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alionyeshwa mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote mbili. Wiki chache baadaye akakuta ugonjwa uleule kwa msichana mdogo Jinja, mji ambao kila basi la Tororo huupitia likielekea Kampala. Akaandika habari zake mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kiasi cha kilomita 16,000 barani Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi ugonjwa huo unaonekana. Ramani yao ikaangukia nchi za joto, mvua na malaria. Yaani kwetu. Ndiyo limfoma ya Burkitt.

Ikafuata habari ambayo yule mhubiri angepaswa kuihubiri. Madaktari waliwapa watoto hao dawa, na uvimbe uliojaza mdomo ukayeyuka ndani ya siku chache. Wengine walipona kabisa, wakakua. Kwa ajili yao kilifunguliwa Mulago mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma, ambacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda. Hii ni miongoni mwa kansa za kwanza kabisa kuponywa kwa dawa peke yake, na watoto wa Uganda walikuwa mstari wa mbele katika kuuthibitishia ulimwengu jambo hilo. Wajukuu zao ndio tunaowakatia tamaa.

Kinachoua ni kuchelewa. Nasema tena: kuchelewa. Seli za limfoma hii zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Hakuna kansa ya binadamu inayokimbia kuishinda. Wiki moja ya mizizi si wiki ya kujaribu bahati. Ni wiki ya kuupa ugonjwa shamba zima. Na mbio hizohizo ndizo zinazoufanya udhurike na dawa, kwa sababu dawa hizi huzikamata seli zinapogawanyika. Anayewahi ana nafasi nzuri. Anayesubiri kikao cha ukoo humfikisha mtoto akiwa mifupa mitupu, na akifa wiki ileile tunasema sindano ya Kampala imemuua.

Kuna mzee aliniambia dawa za kansa ni sumu kwa sababu zinamnyoa mtoto nywele. Mzee wangu, tukifiwa tunanyoa vichwa kwa hiari yetu. Nywele za dawa huota tena. Mtoto haoti tena.

Wengine wanasema hakuna pesa. Pesa zipo, nimeziona. Nimeziona kwenye lumbe, zile sherehe za kumaliza msiba, mafahali wakichinjwa, hema na spika zikikodiwa. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Busia ya Kenya, nimeziona kwenye disko matanga, vijana wakicheza hadi alfajiri juu ya msiba wa mtu. Mheshimiwa asiyeonekana mtoto akiugua huja kwenye mazishi na bahasha, akapigiwa makofi. Huyohuyo ukimwomba nauli ya mgonjwa, simu haipokelewi. Na vyandarua vinavyogawiwa kutukinga na malaria, ambayo ndiyo inayoifungulia njia kansa hii, tumevitandaza juu ya vitalu vya sukuma wiki.

Sikatai kwamba safari ni ngumu. Kutoka hapa hadi Mulago ni kama kilomita 200, na matibabu huchukua miezi. Mama analala sakafuni kando ya kitanda cha mwanawe, amemwacha mtoto mchanga kwa bibi na mahindi hayajapaliliwa. Baba anarudi nyumbani baada ya siku mbili, kana kwamba mtoto ni wa mama peke yake. Kisha uvimbe unapungua, simu zinaanza kutoka nyumbani: mtoto amepona, rudi, shamba linaharibika. Mama anarudi. Kansa nayo inarudi, ikiwa kali zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya watoto wanane kati ya kumi wenye kansa hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya watatu. Miongoni mwa sababu inazozitaja ni hizohizo zetu: kuchelewa kugunduliwa, na kuacha matibabu njiani.

Kwa hiyo ukiona taya la mtoto linavimba na meno yanalegea, au tumbo linajaa uvimbe mgumu, au mboni ya jicho inang'aa nyeupe, mpeleke hospitali siku hiyohiyo udai barua ya rufaa. Ukoo ukutane, ndiyo, lakini ukutane kupanga nani atampalilia mama shamba, nani atakaa na wadogo zake, nani atatuma nauli mwezi ujao na mwezi wa baada ya huo. Mchango uitishwe mtoto angali hai. Na mhubiri naye amwombee mgonjwa akiwa ndani ya basi la kwenda Kampala, huku ametoa sadaka ya nauli.