Kinanda cha Umeme na Sikio la Mwanafunzi

Wapo walimu wenzetu hapa Pemba wanaoshikilia kwamba kinanda cha umeme hakistahili kuingia katika somo la muziki, kwani kimekwisha kuwaondoa jukwaani wapiga kanuni, udi na fidla. Wapo na wengine wanaokipokea kwa mikono miwili, wakidai kuwa ndicho kitakachotuhifadhia ngoma zetu. Malalamiko ya hao wa kwanza tunayaelewa vyema: tangu miaka ya 1990, taarab ya kisasa ya vikundi kama East African Melody imemkalisha mtu mmoja mahali palipokuwa pa wapigaji wengi. Hata hivyo, kukifukuza kinanda darasani hakutamrudisha mpiga fidla hata mmoja. Ama hao wa pili, yafaa tuwajibu kwa yaliyotukuta wenyewe.

Tulimwalika mzee mmoja mpiga zumari, na kwa idhini yake wanafunzi wakamrekodi. Mwalimu asiyekijua chombo hiki na aelewe kwamba sauti hupokelewa na maikrofoni, kisha hugeuzwa tarakimu kwa kupimwa mara nyingi mno. Katika kiwango kilichozoeleka, mara 44,100 kila sekunde. Baada ya hapo huonekana kwenye kioo mfano wa wimbi, nayo kazi ya mhariri ni kukata mwanzo na mwisho, kuchagua sehemu ya katikati itakayorudiwa rudiwa kadiri kidole kinavyokaa juu ya kibonye, na kuigawa sauti hiyo katika vibonye. Kazi hii ilipokuwa ikifanywa kwa Fairlight CMI, iliyotengenezwa Australia mwaka 1979, ilikuwa ya matajiri tu. Katikati ya miaka ya 1980 Casio SK-1, kinanda kidogo mfano wa kitu cha kuchezea, kiliifikisha majumbani, ijapokuwa hakikuweza kunasa sauti ya kutimia hata sekunde 2.

Wanafunzi wetu waliona kwamba kabla ya nota ya zumari kuna mkwaruzo mfupi wa pumzi na ulimi. Wakaudhania ni uchafu, wakaukata. Sisi tuliokuwa tumesimama nyuma yao hatukuwazuia, na kosa hilo ni letu. Mzee alipochezewa sauti ile iliyosafishwa, aliuliza ni chombo gani.

Hapo ndipo lilipo somo lenyewe. Sikio hukitambua chombo kwa sehemu kubwa kutokana na namna sauti inavyoanza, wala si kwa ule mwendelezo wake peke yake. Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio mjini Paris, alikwisha kuliona jambo hilo mwaka 1948 alipoiondolea kengele iliyorekodiwa lile pigo lake la mwanzo, nayo ikaacha kusikika kama kengele. Tungaliweza kuwaeleza wanafunzi haya kwa maneno muhula mzima, wakaandika na kusahau. Swali la mzee liliwatosha.

Waliporudisha pumzi mahali pake, wakakutana na tatizo la pili. Sauti moja iliyopandishwa oktava moja hukimbia mara mbili ya mwendo wake. Nota ya sekunde 1 huwa ya nusu sekunde, na zumari hulia kama mbu. Kwa hiyo hapana budi kurekodi nota nyingi na kumpa kila mmoja wa vibonye jirani yake wa karibu. Tena oktava ya kinanda imegawanywa sehemu 12 zilizo sawa, hali katika rast, mojawapo ya maqam za taarab, nota ya tatu hukaa kati ya vibonye viwili. Baadhi ya vinanda huruhusu kibonye kushushwa robo toni. Lakini mwanafunzi atakishusha vipi ikiwa sikio lake halijapata kuisikia nota hiyo ikiimbwa?

Kwa sababu hiyo hatuwezi kukubali kwamba kipande cha sauti kilichomo kinandani ni zumari iliyohifadhiwa. Namna mpigaji anavyojaza mashavu na kuvuta hewa puani bila ya kukata sauti haimo katika kipande hicho, na tukimaliza kurekodi tukamsahau mzee, tutakuwa tumesaidia kumzika. Rai yetu ni kwamba wanafunzi wakae na mpigaji vipindi viwili kabla ya maikrofoni kufunguliwa, na kila wanachokikata waandike kwa nini wamekikata. Mpigaji naye aisikie kazi kabla ya mtu mwingine yeyote, awe na haki ya kuikataa. Wenzetu watasema muda hautoshi. Muda huo huo hutumika kufundisha majina ya vibonye.

Muhula uliofuata wanafunzi walitaka kuingiza msewe katika kinanda. Ngoma hiyo ya kwetu imepata jina kutokana na misewe wanayofunga wachezaji miguuni, na wanafunzi walishinda asubuhi nzima wakitafuta mshindo mmoja wa kuukata. Hawakuupata, maana kila mguu ulitangulia au kuchelewa kidogo kuliko wa jirani yake, na walipolazimisha, kilichotoka kilikuwa kama punje za mchele zikimwagwa juu ya bati. Wakashauriana, wakaiacha rekodi yote nzima, nje ya kinanda.