Reishi Si Mbadala wa Tiba ya Saratani

Kuna mwandishi anayedai kwamba mgonjwa wa saratani aweza kuacha dawa za hospitali akatumia uyoga wa reishi, kwa sababu ni wa asili na Wajapani wameshauthibitisha. Wajapani wamethibitisha nini hasa? Mwaka 1977 waliidhinisha krestini, dawa itokanayo na uyoga wa Trametes versicolor; mwaka 1985 wakaidhinisha lentinani, itokanayo na shiitake. Reishi haimo! Tena dawa hizo zilisafishwa, zikapimwa dozi, na zikatolewa pamoja na tiba ya kawaida ya saratani, si badala yake. Lentinani ilidungwa mshipani. Kahawa ya pakiti yenye reishi anayoiuza jirani mwenye kutafuta kamisheni inaingiaje hapo?

Reishi yenyewe imechunguzwa. Wachambuzi wa Cochrane, mtandao unaopitia ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio yake mwaka 2012, wakarudia 2016. Hawakuona ushahidi wa kutosha kuifanya tiba ya kwanza ya saratani. Mwandishi hakulitaja hilo.

Na huo uasili? Uyoga wa Amanita phalloides huota wenyewe msituni, na huua kwa kuharibu ini.

Anayemshawishi mgonjwa aahirishe upasuaji ili kwanza amalize kopo la unga wa reishi anaupa uvimbe muda wa kusambaa.