Kadi ya Bima na Mgonjwa wa Pumu

Katika hospitali yetu ya misheni haupiti mwezi bila kuletewa usiku mtoto aliyebanwa na pumu, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, na mama ameshika kadi ya bima ya familia. Tunamvutisha mvuke wa dawa, anapata nafuu, keshokutwa anaruhusiwa. Baada ya wiki chache ni yuleyule tena. Kadi imelipa, lakini ugonjwa uko palepale.

Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, yaani CHF, ulioanza mwaka 2018, ulipokea kaya ya watu 6 kwa shilingi 30,000 kwa mwaka, na wakulima wengi wa vigango vyetu walijiunga. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ili hata asiye na uwezo afikiwe. Ni mambo mema, wala hatuyabezi. Ila pumu si malaria, ambayo unameza dawa siku 3 ukamaliza. Njia za hewa za mgonjwa wa pumu zimevimba ndani hata siku ile anapocheza mpira na wenzake. Salbutamoli huzitanua kwa saa chache tu, uvimbe unabaki. Unaopunguza uvimbe ni dawa ya kuvuta ya kuzuia, kama beklometasoni au budesonidi, na wengi wenye pumu ya mara kwa mara huihitaji kila siku, hata wasipobanwa. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri tena mtu mzima au kijana kutibiwa kwa salbutamoli peke yake.

Basi sisi wauguzi tunaona hivi: bima inayolipia kitanda na mvuke, huku dawa ya kuzuia mgonjwa anaambiwa akanunue dukani, inatupa fedha. Mwenye shamba la ekari moja atanunua mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili ada ya shule inadai, na dawa inasimama. Dawa hiyo ipatikane zahanati, karibu na nyumbani. Wapo waumini wenzetu katika kamati za usimamizi wa vituo vya afya. Tunawaomba waulize kikaoni kama dawa ya kuzuia pumu imeagizwa, kama wanavyouliza habari za paa na choo.

Nyumbani nako kuna kazi. Wengi wanaogopa dawa ya kuvuta, eti ukiizoea huwezi kuishi bila hiyo. Ajabu ni kwamba haohao hununua vidonge vya prednisoloni bila cheti, kila wanapobanwa. Hivyo ndivyo vya kuogopwa, maana vikitumika mara nyingi hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na kudumaza watoto. Dawa ya kuvuta ni kiasi kidogo kinachokwenda moja kwa moja kifuani. Sukutua mdomo kwa maji baada ya kuitumia, uteme, usipate utando mweupe.

Mtoto mdogo hawezi kuivuta vizuri bila chombo cha katikati, na cha dukani ni ghali. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni na kuzibwa vizuri pembeni hufanya kazi kama kile cha dukani. Tundu liwe sawasawa na mdomo wa kopo la dawa, hewa isivuje. Mtoto anaweka mdomo wa chupa kinywani, unabonyeza mara moja, anapumua taratibu mara 5 au 6, ndipo unabonyeza tena kama daktari alivyoandika. Ioshe kwa maji ya sabuni, uiache ikauke yenyewe bila kuipangusa. Chupa ya kwanza njoo nayo kliniki pamoja na mtoto, tuitazame kabla hujaanza kuitumia.